Dijei na Chombo Kilichokosa Njia ya Kurudi

Ungeenda Makongeni ukamtafuta kwa jina la kitambulisho, ungezunguka mpaka soli ziishe. Ungeuliza Dijei, ungeonyeshwa mlango. Ndivyo tulivyomwita sote, wakubwa kwa watoto, ingawa alikuwa mzee wa mvi, mwenye koti la kahawia alilolivaa hata jua la Januari, na hajawahi kupiga muziki popote. Huku kwetu dijei ni pia yule mtu anayekaa kando ya televisheni kwenye kibanda cha video, filamu ya kigeni ikiendelea, naye akiisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Kazi hiyo aliifanya mtaa wa Landless, hapa hapa Thika, kwa miaka mingi, baada ya kiwanda cha nguo kupunguza watu. Sasa hayupo. Namwandika kwa sababu milango yetu ilitazamana kwa miaka kumi na mmoja katika ploti moja ya vyumba vya kupanga, na kwa sababu mimi na yeye tulimficha mtoto kifo cha mama yake, na hata leo sijapata mtu wa kumlaumu kuliko mimi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi. Hilo likae hapo, maana lina hasara yake mbele.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, na ndani mabenchi ya mbao yaliyokaliwa na watu mpaka yakapinda. Nilikwenda mara tatu nne, nikiwa bado kijana na sina televisheni. Filamu zilikuwa za Wachina, za Wahindi na za Wazungu wenye bunduki, lakini akishazigusa Dijei zote zilikuwa za Thika. Mchina akiruka ukuta, Dijei alisema anawatoroka kanjo, wale askari wa baraza la mji. Mhindi akilia chini ya mvua, alikuwa amenyimwa mke na wazee wa Gatundu. Jambazi mkuu alipewa jina la msimamizi fulani wa kiwandani, na wafanyakazi walicheka mpaka wakapigana mateke. Siku moja msimamizi mwenyewe alikuwa ameketi benchi la nyuma. Watu wakageuka kumtazama. Dijei hakubabaika. Alisema, "Lakini huyu si yule mnayemjua. Huyu ni binamu yake wa Murang'a." Msimamizi alicheka kuliko wote, na wiki iliyofuata alirudi na mkewe.

Siri yake niliigundua mapema, kwa vile ndiyo kazi yangu. Hakujua Kiingereza. Alikuwa na kile cha kusoma vibao vya mashine, na cha kumwamkia mkubwa asubuhi, basi. Kichina na Kihindi hakuwa na hata hicho. Alikuwa anatazama nyuso na mikono, anakisia, na anajaza palipobaki. Nilipomtania kwa hilo hakukasirika. "Ticha," aliniambia, "ningejua wanasema nini, hawa watu wa Landless wangelala wote." Na ukimwambia kwamba huo ni uongo, alikuwa na jibu lake: "Mimi sidanganyi. Mimi natafsiri."

Nje ya kibanda mtu huyu hakuwa na maneno. Ukimkuta bombani alikusalimia kwa nyusi. Akihitaji chumvi alikuja mlangoni na kikombe kitupu akasimama, nasi tukajua. Alifagia ua hata siku ambayo si zamu yake ili mtu asije akamwambia lolote. Na sijaona mtu aliyechukia uongo kama yeye. Muuza duka alimfungia mayai mawili zaidi kwa makosa, naye akayarudisha mvua ikinyesha, amelowa mpaka ndani, akipita katikati ya watu waliokuwa wamejikinga wakimcheka. Kanisani kwao, kanisa la watu wa magharibi, la kanzu nyeupe na ngoma, alikuwa mzee wa kanisa, na kijana akisema uongo mbele yake alikuwa anatoka nje yeye, si kijana. Mambo haya mawili yalikaaje ndani ya mtu mmoja sijui, na sidhani kama yeye alijua.

Mideva aliletwa akiwa na miaka mitano, na begi lenye picha ya sungura. Mama yake, binti wa kwanza wa Dijei, alikuwa amepata kazi ya nyumbani huko nchi za Ghuba, mkataba wa miaka miwili. Dijei alikuwa mjane tayari. Watoto wote wa ploti walimwita guka, kwa Kikuyu, kama wanavyowaita babu zao, na Mideva naye akamwita hivyo hivyo, ingawa wao ni watu wa Vihiga. Mwanzoni alimsahihisha. Baadaye akaacha.

Alimlea kwa namna ya mwanaume aliyeanza somo bila kitabu. Alipiga pasi sare ya shule mpaka ikang'aa makalio. Alikuja kwangu na mtoto na kitana, akaketi kwenye kigoda kujifunza kusuka mistari, na mistari yake ya kwanza ilipinda mpaka wanawake wa ploti wakauliza mtoto amesukwa na nani, upepo? Alikaza meno akajifunza. Kufikia muhula wa pili alisuka vizuri kuliko mimi, na kulikuwa na mama wawili walioanza kumletea wasichana wao, wakisingizia kwamba mimi nina kazi nyingi.

Wakati huo kibanda cha video kilikuwa kimekufa. Kila mtu ana simu mfukoni, nani atakaa kwenye benchi? Dijei alirudi nyumbani na televisheni yake nene ya mgongo, na mashine ya kuchezea diski, na hakuwa na mtu wa kumsimulia ila huyo mtoto.

Kilichowaunganisha ni mfululizo mmoja wa zamani, wa chombo cha angani. Dijei aliuona akiwa kijana, enzi za kiwanda, katika ukumbi wa wafanyakazi uliokuwa na televisheni moja iliyofungiwa kwenye sanduku la waya. Kila wiki aliomba abadilishane zamu ili asikose. Miaka thelathini na zaidi baadaye akaukuta mjini Thika, kwenye meza ya muuza diski, sehemu zote, rangi zimepauka, na akarudi nyumbani akitembea upesi kiasi kwamba nilidhani kuna msiba. Habari yake ni kwamba watu wametumwa mbali kupeleleza nyota fulani, njia ya kurudi ikajifunga nyuma yao, na kila wiki wanajaribu njia nyingine. Kulikuwa na kapteni, daktari, fundi mzee mwenye hasira, na mwanamke anayetunza mimea ndani ya chombo ili watu wapate chakula na hewa. Majina ya wenyewe siyakumbuki. Mwanamke huyo Dijei alimwita Mama wa Mboga.

Walitazama Jumamosi saa nane mchana, nguo za shule zikishaanikwa. Dijei alipunguza sauti ya televisheni karibu iishe, akakaa kando yake na si mbele yake, kama alivyozoea kibandani, na akaanza. Mimi nilikuwa nakaribishwa, kiti changu kikiwa mtungi wa maji. Nakiri kwamba nilipenda kwenda. Mzee ambaye wiki nzima hajasema maneno ishirini alikuwa anamwaga saa nzima bila kumeza mate. Fundi mzee alilalamika kwa Kiluhya. Kapteni akitoa amri alitoa kwa sauti ya chifu. Mideva alikuwa analala chini kwa tumbo, kidevu mikononi, hapepesi jicho.

Na kila Jumamosi Mama wa Mboga alituma salamu. Hii haikuwemo kwenye filamu, hata kidogo. Mwanamke anamwagilia miche yake, anasema na daktari mambo ya udongo, na Dijei anatafsiri: "Anasema huko nyumbani ameacha mtoto wa kike. Anasema huyo mtoto amalize ugali wake, asiwe anaficha nyama chini ya sahani." Mideva alikuwa anaficha nyama chini ya sahani. Alikuwa anashika kichwa na kucheka kwa hofu. Wiki nyingine: "Anauliza yule mtoto wake bado anaogopa choo cha nje?" Mama yake mwenyewe alipiga simu Jumapili, kwa dakika chache, na sauti ilikatika sana. Mama wa Mboga hakukatika.

Dijei hakuwahi kumwambia kwamba huyo ndiye mama yake. Hakuhitaji. Mideva akiwa Gredi ya Tatu niliwapa darasa insha ya Kiingereza kuhusu mama. Aliandika kwamba mama yake anafanya kazi kwenye chombo kilicho mbali sana, anapanda sukuma wiki, na atarudi njia ikipatikana. Nilisahihisha vitenzi, nikampa alama nzuri, na mengine nikayaacha. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuitumia hadithi hiyo. Asipotaka kusoma nilimwambia Mama wa Mboga ataambiwa.

Mkataba wa miaka miwili uliongezwa, ukaongezwa tena. Kisha simu za Jumapili zikawa za mara moja kwa mwezi, halafu zikakoma.

Siku iliyokuja simu ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimetoka shule, nasahihisha madaftari mlangoni. Dijei alivuka ua ameshika simu mbali na mwili, kama mtu aliyeokota yai bovu.

"Ticha, hebu shika hii. Network ni mbaya, mimi sisikii vizuri."

Network haikuwa na kasoro. Ni mwanaume aliyesema Kiingereza cha haraka, kutoka ofisi iliyowapeleka wasichana huko. Alitaja jina la binti, akasoma nambari ya pasipoti, akasema aliugua siku nne na amefariki, kwamba kwa sababu ya karatasi fulani mwili utazikwa huko huko, na kwamba anasikitika. Akauliza kama mimi ni wa familia. Nikasema ni jirani. Akasema basi niwajulishe, na akakata.

"Anasemaje?"

"Dijei, kaa chini kwanza."

"Wewe tafsiri."

Nikatafsiri. Sikuongeza wala sikupunguza, kwa sababu sikujua kufanya vingine. Alinisikiliza akitazama mdomo wangu.

"Umesikia vizuri? Hao watu Kiingereza chao ni kigumu."

"Nimesikia vizuri."

"Rudia."

Nikarudia. Akauliza mtoto anatoka shule saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja. Akaenda bombani akaosha uso, muda mrefu, kisha akawasha jiko la mafuta ili chai iwe tayari.

Kwao Vihiga mtu akifia mbali na mwili ukakosekana, huzika shina la mgomba mahali pake, ili asitangetange. Dijei alisafiri Vihiga na binti yake mdogo anayeishi Ruiru, wakazika mgomba, wakauombea, wakaujengea kaburi. Mideva alibaki kwangu siku nne akiambiwa kwamba guka ameenda harusini. Dijei alirudi na matope kwenye viatu na ndizi kwenye mfuko, na mtoto akamuuliza bibi harusi alikuwa mrembo? "Sana," alisema. Yule mzee wa mayai mawili.

Usiku wa siku ile ya simu, aliponiomba ninyamaze, sikubishana naye. Alisema mtoto ana mtihani, amalize kwanza. Baada ya mtihani ilikuwa Krismasi, na nani anaharibia mtoto Krismasi? Baada ya Krismasi mtoto alikuwa na homa ya matumbo. Kila mara kulikuwa na jambo la kungojea lipite, na likipita lilileta lingine. Kuhusu simu alimwambia kwamba wenye kazi huko hawaruhusu simu siku hizi. Nilikuwa natikisa kichwa kukubali. Watu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tulikuwa na kifo chenyewe mkononi na bado tulidhani kinafichika.

Mfululizo nao haukumhurumia. Alijua tangu ujana wake kwamba kwenye diski ya nne Mama wa Mboga anakufa. Hewa chafu inaingia kwenye chumba cha mimea, anajifungia humo kuokoa miche, wanamkuta amelala sakafuni. Wanasimama kumzunguka, Kapteni anasoma maneno, wanamweka kwenye sanduku refu la kioo na kulisukuma nje gizani. Nilimwomba airuke.

"Nikiruka mtoto atauliza ameenda wapi," alisema. "Heri aone."

Jumamosi ikafika. Nilikuwa pale juu ya mtungi wangu, natafuna hindi la kuchoma. Kapteni alisoma, na Dijei akatafsiri kwa sauti ya upole niliyokuwa sijawahi kuisikia: "Hewa imebaki kidogo. Mama wa Mboga amesema yeye alale ili wengine wapate. Wamemlaza. Wakifika nyumbani watamwamsha. Anasema mtoto wake asilie, yeye ni usingizi tu." Mideva alipiga makofi. Mimi nilikuwa mwalimu wake, najua kila neno lililosemwa mle ndani, na niliendelea kutafuna. Wiki zilizofuata, mwanamke akiwa haonekani tena, Dijei aliwapitisha wenzake pale alipolazwa wamjulie hali, na salamu zikaendelea kuja.

Sasa hasara niliyoitaja. Mimi ni mwalimu mzuri, sitajivika unyenyekevu. Wanafunzi wangu wa Makongeni, watoto wa vibarua na wa mama mboga, walikuwa wanaongoza. Na Mideva alikuwa wa kwanza wao, kwa sababu jioni nilikuwa namfundisha bure, nyumbani kwangu, neno kwa neno. Nilimpa vitabu. Nilimkalisha mbele ya redio asikilize habari kisha anisimulie. Dijei alikuwa anatusikiliza kutoka mlangoni kwake, na mara moja aliniambia, "Unamfundisha kwa bidii sana, Ticha." Nilidhani ananishukuru.

Mideva alikuwa Gredi ya Sita. Jumamosi moja Dijei aliitwa kanisani kwa mkutano wa msiba, akachelewa, na mtoto akaweka diski peke yake. Diski ya nne. Hakukuwa na wa kusimulia, akaongeza sauti. Nilisikia muziki, nikasikia sauti ya Kapteni, na sikuinuka. Baadaye akavuka ua.

"Ticha, uko busy?"

"Kuja tu."

"Guka alisema Mama wa Mboga analala. Lakini Kapteni amesema amekufa. Ameirudia mara mbili. Halafu wamemtupa nje."

"Labda guka hakusikia vizuri."

"Guka hajui Kizungu?"

"Anajua kiasi."

Alisimama mguu mmoja juu ya mwingine, kama afanyavyo akiwa na hesabu ngumu. "Ticha, na mamangu?"

Nilikuwa nimewafundisha kwamba swali la moja kwa moja hujibiwa kwa sentensi kamili. Nilimwambia, "Ngoja guka arudi, umuulize yeye."

"Sawa," alisema. "Nimeelewa." Na alikuwa ameelewa. Ningekuwa na jibu la furaha, ningelitoa pale pale, na mtoto mwerevu hahitaji zaidi ya hapo.

Dijei aliporudi, Mideva alimuuliza kabla hata hajavua kanzu. Nilisikia kila kitu, kuta zetu ni za mabati. Alijibu kwamba mama yuko kazini, mwaka ujao Mungu akipenda atakuja. Mideva akasema, "Sawa, guka," akachukua ndoo akaenda bombani.

Hakutazama tena. Jumamosi ilipofika alitoa kiti nje akasoma kitabu. Dijei aliweka diski, akafungua mlango wazi kabisa, akasimulia peke yake chumbani kwa sauti ya juu ili maneno yamfikie uani. Fundi mzee alilalamika kwa Kiluhya. Salamu zilitumwa. Mtoto alifungua ukurasa mwingine. Dijei alifanya hivyo Jumamosi tano, na ni mimi niliyemwambia aache, kwa sababu sikuweza kuvumilia.

Desemba yule anti wa Ruiru alikuja kumchukua akasome huko. Alimwambia yote njiani, kabla hawajafika Juja: simu, siku nne za ugonjwa, mgomba uliozikwa, harusi ambayo haikuwa harusi. Anti huyo ana saluni, mwanamke wa maneno makavu. Aliponipigia aliniambia, "Njia ya mwongo ni fupi, Ticha. Na wewe umesoma." Ya kwetu ilikuwa imechukua zaidi ya miaka miwili, na yote tulimtembeza mtoto mdogo.

Kwa miaka mitatu Mideva hakumpigia. Dijei akipiga, simu iliita mpaka ikakata. Alizeeka haraka. Macho yalishikwa na ile presha ya macho, na daktari alisema tumechelewa, akabaki kuona mwanga na vivuli. Diski zilikaa kwenye katoni chini ya kitanda. Aliniambia kwamba sehemu ya mwisho hawakuifikia na mtoto, na nikamuuliza inaishaje, chombo kinarudi? "Hakirudi," alisema. "Waliacha tu kuitengeneza. Bado wako huko."

Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka, kwenda Ruiru kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe. Alifanya mazoezi nami kwa wiki kadhaa. Maneno yake ya kwanza yalikuwa na mapambo mengi: mama amelala bustanini kwa Mungu, mama alimtaja mtoto wake kwa jina. Nilimkatiza. Nilimwambia maneno kama hayo ndiyo yaliyomfikisha alipo, kwamba safari hii aseme ukweli mtupu, asichojua aseme hajui. Alinisikiliza kwa makini kama mwanafunzi, na akayatupa mapambo yote. Nilijisikia nimefanya kazi nzuri.

Tulikwenda Jumamosi. Nyumba ya anti iko ghorofa ya tatu, saluni iko chini yake, katika yale majengo mapya yaliyoota palipokuwa na kahawa. Alipanda ngazi akinishika bega, akipumzika kila baada ya hatua sita. Mideva alifungua mlango. Alikuwa amerefuka, ana uso wa mama yake kabisa, na nilishukuru kwamba Dijei haoni.

"Habari, Ticha. Guka, karibu. Kaa hapa, kuna kiti mbele yako."

Alileta chai. Hakukuwa na ukali, na hilo lilinitisha zaidi. Dijei hakugusa kikombe.

"Mideva, mama yako alikufa. Nilijua tangu ukiwa Gredi ya Nne. Nilikudanganya. Na Ticha hakunituma, ni mimi."

"Najua, guka. Anti aliniambia kitambo."

"Nilitaka niseme mwenyewe."

"Sawa. Umesema."

Alikaa akizungusha kikombe chake. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kutafuta neno la kuagia. Ndipo akauliza, taratibu, akiitazama meza.

"Kuna kitu alisema? Kabla. Alinitaja?"

Dijei aligeuza uso kuelekea niliko. Hakuweza kuniona, lakini alikuwa anauliza, na nilijua anauliza nini. Yule mtu wa simu alituambia nambari ya pasipoti. Mengine tungeweza kuyatoa sisi, kama tulivyoyatoa miaka yote. Sikufungua mdomo. Na yeye akanitii.

"Sijui, mjukuu wangu. Hatukuambiwa."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Hakuna."

Mideva alingoja. Nimesimama mbele ya watoto miaka ishirini, najua mtoto anavyokaa akingojea jibu. Alingoja mpaka chai ikatanda ngozi.

"Nikiwa mdogo ulikuwa unajua kila kitu amesema," alimwambia. "Leo ndio hujui. Si hata ungetunga, guka. Mimi singekuuliza kama ni ukweli."

Dijei alifungua mdomo. Nilitaka kumpiga kiwiko nimwambie sema, sema chochote, anza tu, na nilikaa na mikono yangu mapajani. Hakuna kilichotoka.

Mideva alikusanya vikombe. "Nina homework," alisema. "Ticha, mshike vizuri kwa ngazi, kuna moja imevunjika." Akaingia chumbani akafunga mlango bila kuubamiza.

Tulishuka polepole. Tulipofika chini Dijei alisimama, mkono ukitafuta ukuta.

"Amelia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitikisa kichwa. Alisema mtoto angelia, yeye angejua pa kuanzia. Kisha akaniomba tungoje kidogo, pengine atashuka, na anti akatuonyesha benchi la wateja. Tulikaa pale mpaka saluni ikafungwa.